Deni la Bonde

Jumatatu ya kwanza tuliuziba mfereji wa baba.
Magunia arobaini ya udongo wa mfinyanzi,
nguzo za mikaratusi, na Ngabirano akitukana
kwa kuwa tope lilimmeza buti la kushoto
likakataa kulitapika.

Mfereji ule baba aliuchimba mwaka niliozaliwa,
maji kiunoni, sururu begani,
na watu wa Nyakabungo wakasema bonde limepata akili:
palipolala mafunjo, sasa viazi,
sasa kabichi, sasa ng'ombe wa maziwa
wenye vibandiko vya njano masikioni.

Maji yalisita.
Yalinusa magunia, yakarudi nyuma hatua moja
kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji hayupo.
Kisha yakaketi.

Wiki ya tatu, bonde zima lilikuwa mbingu.
Mama alishuka mlimani na fimbo yake,
akatazama, akasema tu, "Haya. Limerudi,"
kama anayemsema mtu aliyekwenda Kampala kutafuta kazi.
Nami nikafurahi mapema.

Kazi yangu ni chupa. Sita kila Jumatatu:
tatu maji yanapoingia, tatu yanapotoka,
saa, tarehe, wino usiofutika,
barafu kisandukuni, bodaboda mpaka Kabale
kwa Bi Kembabazi wa maabara, asiyecheka na mtu.

Alinipigia mwenyewe.
"Tumuhairwe, mmefanya nini huko?
Naitreti imeshuka, vizuri,
vijidudu vya tope vinaila na kuipumua hewani.
Lakini fosforasi! Inayotoka
ni mara nne ya inayoingia."

Nilidhani nimechanganya vifuniko.
Nikarudia. Mara nne na nusu.
Na pale maji yanapotokea, kweli,
ukoga wa kijani ulikuwa umetanda mzito
hata bata wa Byarufu aliuzunguka kwa miguu.

"Tubomoe," Ngabirano akasema kikaoni.
"Tuliahidiwa maji safi, tumeletewa mchuzi."
Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Bi Kembabazi alinichorea nyuma ya risiti:
chuma kilichomo udongoni hushika fosforasi
ngumi imefumbwa, miaka na miaka,
maadamu kinapata hewa.
Maji yakiifunika ardhi, hewa ikaisha,
chuma hulegeza vidole.

Basi nikayakumbuka magunia mengine,
yale meupe ya msimu wa mvua,
baba akiyapakua dukani kwa mkopo,
punje zikimwagika kama chumvi kwenye matuta.
Kiazi hula kidogo; kinachobaki hakiendi popote.
Deni la duka alililipa lote kabla hajafa,
shilingi kwa shilingi, risiti nimezihifadhi mimi.
Hatukujua kwamba ardhi nayo ilikuwa ikiandika.

Sikuyasema hayo kikaoni.
Nilisema: tungoje misimu miwili.
Nilisema: aliyevimba jipu halaumu sindano.
Byarufu akaguna. Kura zikapita kwa mkono mmoja,
na mkono huo ulikuwa wa mama.

Mafunjo yalirudi bila kuombwa,
kwanza machipukizi, kama kucha za mtoto,
kisha vichwa vyenye nywele juu ya vichwa vyetu.
Mizizi yake inaelea, inanyonya usiku na mchana
kile ambacho chuma kilikiachia.
"Lakini mkiyaacha yaozee humo humo," Bi Kembabazi akaonya,
"mnahamisha deni toka mfuko huu hadi ule."

Kwa hiyo tunakata. Fungu kwa fungu, kwa zamu,
tunayapandisha mlimani mgongoni,
na mama, vidole vimepinda, anasuka.

Jana mwanangu alilala juu ya mkeka mpya.
Nilikaa nikiutazama, sikuweza kueleza kwa nini:
gunia la baba, lililopita topeni, likapita mizizini,
sasa liko chini ya shavu la mjukuu wake.

Chupa za leo: mara mbili kasoro kidogo.
Bado.
Nimeandika tarehe, nimefunga kisanduku.
Bodaboda anapiga honi.